Amemaliza dawa za TB na bado anakohoa: je, ni vumbi la kazini?

Swali: Shikamoo daktari. Ni mama wa watoto watatu, naishi Majani Mapana, Tanga. Mume wangu ana miaka 38. Alifanya kazi ya brashi kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe miaka minne, akaenda Handeni kwenye makarasha ya dhahabu miaka mitano, na huu ni mwaka wa tatu anafyatua matofali hapa mjini. Mwaka jana alianza kukohoa na kukatika pumzi. Makohozi yalipimwa mara mbili kwa darubini, hayakuonyesha TB, ila picha ya kifua ilikuwa na madoadoa, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Amezimaliza. Kikohozi kiko palepale, na sasa akirudi kazini kwa baiskeli hushuka njiani akaikokota. Hospitali wanataka arudie dawa. Wenzake wanamwambia anywe maziwa vumbi litoke. Je, ni TB sugu au ni vumbi? Maziwa yanasaidia? Aache kazi? Na watoto je, atawaambukiza?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu kuna jambo umeliandika kwa kupita tu ambalo huenda kwenye faili la mumeo halimo kabisa: Handeni, makarashani, miaka mitano. Hapo ndipo nitakapokaa sana. Ila kuna moja haliwezi kungoja.

Kama hospitali imeamua arudie dawa za kifua kikuu, asizikatae, na kama ameshaanza asiziache kwa sababu ya maneno yangu. Darubini kutoona vijidudu hakumaanishi TB haipo. Wapo wagonjwa wengi ambao vijidudu vyao ni vichache kiasi cha kutoonekana, na daktari anayeanzisha dawa kwa kuangalia picha na hali ya mgonjwa hajafanya kosa. Ninachotaka mimi ni mumeo aongezewe swali, si apunguziwe dawa. Utaona huko mbele kwa nini vumbi na TB hupenda kukaa nyumba moja.

Sasa tuje kwenye vumbi lenyewe. Mumeo amevuta vumbi la aina tatu, na watu wengi huzichanganya kana kwamba vumbi ni vumbi. Si kweli. Kila moja lina tabia yake, na tabia hiyo ndiyo inayotuonyesha tutazame wapi.

La kwanza ni la mkonge. Tangu Mjerumani Richard Hindorf alete miche ya mkonge huku kwetu mwaka 1893, mkoa wa Tanga umeishi kwa singa, yaani nyuzi za mkonge, na waliokaa karibu na kazi hiyo wanajua kwamba kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, kuna maji na harufu, lakini vumbi lenyewe liko brashi. Singa zikishakauka juani hupitishwa kwenye mashine ya kuzichana, na kile kinachopeperuka pale ni vipande vya singa, maganda makavu, na mabaki ya bakteria na kuvu waliokuwa juu yake. Mtu hupiga chafya, koo hukauka, kifua hubana. Muulize mumeo swali hili hasa: enzi za brashi, kifua kilikuwa kinambana zaidi Jumatatu, halafu kinaachia kadiri wiki inavyokwenda? Akijibu ndiyo, basi alikuwa na dalili inayofanana na bisinosisi, ugonjwa uliojulikana kwanza kwa wafanyakazi wa pamba na kitani. Mwili hupumzika Jumapili, ukirudi kwenye vumbi Jumatatu hushtuka upya. Ila ugonjwa huu, ukiwahiwa, mara nyingi hupungua mtu akiondoka kwenye vumbi, na mumeo ameondoka brashi miaka minane iliyopita. Tena wenyewe hauachi madoadoa kwenye picha ya kifua. Kwa hiyo mkonge unaweza kuwa umemwachia kifua chepesi kubana, lakini sidhani kama ndio uliochora ile picha.

La tatu, niliruke la pili kwanza, ni la saruji. Hilo watu wa Tanga wanaliogopa kuliko yote kwa sababu wanaliona: jeupe, limekaa juu ya majani ya miembe, juu ya paa, juu ya nyusi za fundi. Saruji ni kali kwa ngozi na kwa njia ya hewa, na haiko salama hata kidogo. Daktari Julius Mwaiselage na wenzake walipowachunguza wafanyakazi wa kiwanda cha saruji hapa nchini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta kikohozi cha muda mrefu na upungufu wa pumzi vikiwaandama zaidi waliovuta vumbi jingi zaidi. Lakini saruji yenyewe ina kidogo sana ya silika, yale madini ya kwenye mawe na mchanga, ya aina inayoumiza mapafu, na vumbi la mawe yetu ya chokaa pia kwa kawaida lina kidogo. Weupe wa vumbi hauonyeshi ukali wake.

La pili ndilo linalonitia hofu. Dhahabu mara nyingi hukaa ndani ya jiwe jeupe linalong'aa kama chumvi ya mawe. Jiwe hilo ni kwatzi, na kwatzi ni silika tupu. Wachimbaji hulipondaponda kwa nyundo kwanza, kisha huliingiza kwenye karasha, lile pipa la chuma lenye mipira ya chuma ndani, linazungushwa na injini ya dizeli mpaka jiwe liwe laini kama unga wa ngano. Likisagwa kavu, pipa likifunguliwa hutoka wingu. Nimesimama mahali pa namna hiyo. Kijana aliyekuwa anakusanya unga kwa beleshi alikuwa amejifunga shati puani, kope zake nyeupe kama mtu aliyetoka kusaga sembe, na alipolifungua lile shati kuniamkia, ndani ya kitambaa, upande wa pua, palikuwa peupe vilevile.

Na lile lililoonekana kwenye kope halikuwa baya zaidi. Unywele wa kichwani una unene wa takriban maikromita 70, na maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Chembe zinazofika mwisho kabisa wa pafu ziko chini ya maikromita 5, na hizo jicho halizioni hata kidogo. Hubaki hewani muda mrefu baada ya wingu kutua na watu kudhani pameshasafishika, wakakaa hapohapo kula.

Mwili una ulinzi wake. Pua hukamata chembe kubwa. Njia za hewa zina ute na vinyweleo vidogo sana vinavyopepea usiku na mchana kuusukuma ute juu mpaka kooni, tukautema au tukaumeza. Lakini kule mwisho, kwenye vifuko vya hewa ambako damu huchukua oksijeni, hakuna vinyweleo. Kuna seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Seli ikimeza kijidudu, hukiyeyusha. Ikimeza chembe ya silika, hufa yenyewe. Chembe hutoka nzima, seli nyingine huja kuimeza, nayo hufa. Kila seli inayokufa huacha sumu kidogo pale, na mwili hujibu kwa kutengeneza kovu. Umewahi kuona kidole kilichochomwa na ncha ya jani la mkonge, kipande kikabaki ndani? Nyama huzunguka pale ikawa kinundu kigumu. Sasa fikiria vinundu maelfu ndani ya kitu ambacho kazi yake ni kutanuka na kurudi kama sifongo. Huo ndio silikosisi.

Hapo unaona pia jibu la maziwa. Maziwa hupita njia ya chakula, vumbi limepita njia ya hewa, na hizo njia mbili zinaachana kooni. Hakuna tone la maziwa linalofika kwenye mapafu, na likifika ni balaa, mtu anapaliwa. Ni chakula kizuri, mumeo anywe kama yanapatikana. Ila naomba mniunge mkono katika hili, maana imani hii imeenea karakana zote na inaumiza watu. Nimewahi kuingia mahali pa kazi ambapo pakiti ya maziwa kila Ijumaa ndiyo iliyokuwa kinga pekee, na wafanyakazi wakiipokea kwa shukrani. Bei ya zile pakiti ingetosha kununua mpira wa maji wa kumwagia vumbi.

Silikosisi ya kawaida huchukua zaidi ya miaka kumi kuonekana. Lakini vumbi likiwa zito, kama la kusaga jiwe kavu, huweza kujitokeza kati ya miaka mitano na kumi tangu mtu aanze kulivuta, na kwa waliovuta jingi mno hata mapema zaidi. Mumeo alianza karasha miaka minane iliyopita. Na hili ndilo wengi hawalijui: makovu huendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi, kwa sababu chembe zimebaki ndani. Ndiyo maana mtu anaweza kutoka mgodini akiwa mzima, akaanza kuumwa akiwa kwenye kazi nyingine kabisa, na wote wakailaumu hiyo mpya.

Kwenye picha, silikosisi huonekana kama vidoa vidogo vya mviringo, zaidi sehemu za juu za mapafu. TB nayo hupenda huko juu. Iko TB iliyosambaa inayochora vidoa vinavyofanana mno na vya silika hata msomaji mzoefu akasita. Na wakati mwingine vyote viwili vipo, kwa sababu zile seli zinazouawa na silika ndizo zilezile zinazotulinda na kijidudu cha TB. Aliye na silikosisi yuko kwenye hatari ya kupata TB mara kadhaa kuliko jirani yake, na hatari hiyo haiishi akiacha kazi. Kwa hiyo uliponiuliza "ni TB sugu au ni vumbi", jibu linaweza kuwa mojawapo, au vyote. Hatuwezi kukisia, lazima apimwe, na anayempima lazima ajue habari za karasha.

Alikuja kwangu baba mmoja kutoka milimani, faili lake limeandikwa "mkulima". Kweli alikuwa analima kabichi. Alikuwa amemaliza dawa za TB mara mbili. Nilimuuliza, kabla ya kabichi ulikuwa wapi? Akasema, "Ah, hilo la zamani daktari, nilikuwa natoboa miamba Mererani." Miaka tisa. Hakuna aliyekuwa amemuuliza, na yeye hakuona sababu ya kusema. Zaidi ya miaka 300 iliyopita daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwahimiza madaktari waongeze swali moja kwa yale waliyorithi kwa Hippocrates, tabibu wa kale wa Ugiriki: unafanya kazi gani? Mimi huongeza lingine mbele yake: na kabla ya hapo?

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza, kabla hamjapanda bajaji kwenda hospitali, ni karatasi. Kaeni wawili jioni, muandike kazi zake zote tangu aache shule, kila moja mstari wake: wapi, miaka mingapi, alikuwa akigusa nini, pakavu au pa maji, ndani au nje, puani aliweka nini. Mfano: "Handeni, karashani, miaka mitano, kusaga mawe ya dhahabu makavu, chini ya turubai, kitambaa tu." Kama kuna wenzake wa karasha lile wanaokohoa au waliokwisha kufariki kwa kifua, aandike na hilo, ni ushahidi mzito kuliko mnavyodhani. Karatasi hiyo iingie kwenye faili. Msiisome kwa mdomo tu, daktari mwenye foleni ndefu atasahau, faili halisahau.

Nendeni Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na picha ya zamani mkononi. Picha ya mwaka jana ikiwekwa kando ya mpya ni mali: madoa ya TB iliyotibiwa hutarajiwa kupungua, ya silika hayapungui. Ombeni makohozi yapimwe kwa mashine ya GeneXpert, ambayo hunasa vijidudu vichache kuliko darubini na huonyesha kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Na ikiwezekana yaoteshwe maabara. Makohozi yawe ya asubuhi, yatoke ndani kifuani, mate hayafai. Ombeni pia kipimo cha kupuliza, spairometri. Atavuta pumzi yote, ataipuliza kwa nguvu kwenye bomba mpaka ahisi hana kitu ndani, na mashine itaandika pumzi yake ni kiasi gani na inatoka kwa kasi gani. Kipimo hicho hakiumizi, na ndicho kitakachotuambia kifua kimebana, ambacho kina dawa za kuvuta, au kimekakamaa kwa makovu. Mkishindwa kupata jawabu hapa, ombeni rufaa. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, imeona vifua vingi vya wachimbaji wa Mererani, na Muhimbili wapo mabingwa wa mapafu.

Hukuniuliza kama silikosisi ina tiba, lakini nitakujibu waziwazi. Kovu la silika halina dawa ya kulifuta, si ya hospitali wala ya mitishamba, na anayekuuzia chupa ya "kusafisha mapafu" anakuibia. Lakini kuna mengi ya kumfanyia. TB ikipatikana inatibika. Ikikosekana, amuulize daktari kuhusu dawa za kuizuia, kwa sababu watu wenye silikosisi wanastahili kufikiriwa dawa hizo. Sigara, kama anavuta, aiache leo. Chanjo za mafua na za nimonia zikipatikana azipate. Na aogope sana vidonge vya deksamethasoni na prednisoloni anavyoweza kuuziwa dukani kwa ajili ya "kufungua kifua". Hupata nafuu siku mbili tatu, huku TB iliyolala ikiamshwa.

Akitema damu, midomo ikigeuka rangi, miguu ikivimba, au akichomwa na maumivu ya ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi ikakata, msingoje asubuhi. Mapafu yenye makovu huweza kupasuka na kuvuja hewa.

Kazi ya matofali. Najua ndiyo inayolisha watoto watatu, kwa hiyo sitakuandikia neno "aache" kana kwamba kuna nyingine inamngoja mlangoni. Ila karashani asirudi kamwe, hata wakimwita kwa donge nono. Hapo kiwandani kwao, kazi za maji zina nafuu kubwa kuliko kazi kavu: kumwagilia matofali, kupanga, kufyatua mchanganyiko ulioloa. Kinachomuumiza ni kupasua mfuko, kumimina saruji kavu, kuchekecha mchanga mkavu na kukata tofali kwa gurudumu la mashine, maana mchanga nao una kwatzi. Hizo ampe mwenzake, au zifanywe kwa maji. Akae upande unakotoka upepo, na Tanga upepo unajulikana: msimu wa kusi asimame upande mmoja, kaskazi ikiingia wahamishe rundo la mchanga. Kitambaa, na hata barakoa ile ya bluu ya hospitalini, havizuii chembe ndogo. Inayofaa ni ile iliyoandikwa N95 au FFP2, na ikae ngozini bila ndevu kupitisha hewa. Lakini kwa pumzi alizonazo sasa aivae baada ya kuongea na daktari, kwa sababu kuvutia hewa kupitia humo ni kazi ya ziada.

Nguo zake za kazi nakuomba usizikung'ute. Najua ndivyo tunavyofanya, unalishika shati mabegani, unalipiga hewani mara tatu kabla ya kuliloweka, na mtoto mdogo amesimama hapo miguuni. Zivuliwe nje, ziingie moja kwa moja kwenye ndoo ya maji.

Kuhusu watoto: silikosisi haiambukizi, hata kwa kulala kitanda kimoja. TB ndiyo inayoambukiza, kwa hiyo mpaka majibu yatoke fungueni madirisha, akohoe kwenye kitambaa, na ninyi nyote wa nyumbani mpimwe, hasa mtoto aliye chini ya miaka mitano.

Mwisho fidia, ambayo hukuiuliza lakini ni haki yako kuijua. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015. Anayechangia ni mwajiri, si mfanyakazi, na magonjwa ya mapafu yatokanayo na vumbi la kazini yamo. Ugumu ni kwamba makarasha mengi hayana mkataba wala orodha ya wafanyakazi, na sitaki kukupa tumaini la uongo. Lakini daktari akithibitisha, ulizeni WCF hata hivyo, mkiwa na ile karatasi, majina ya wenzake wanaoweza kushuhudia, na chochote chenye tarehe, hata ujumbe wa malipo kwenye simu. Na OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ndio wenye mamlaka ya kukagua mahali kama pale.

Majibu ya GeneXpert na ya kupuliza yakitoka niandikie tena. Uniambie pia mumeo amewapata wangapi kwa simu kati ya wale aliosaga nao, na kama karasha lile mpaka leo linasaga kavu.